Vihisi vya faiba: kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo

Wito wa kwanza huwa ni uleule: "Kihisi kimekufa." Unafika, unafungua kisanduku cha maungio, na baada ya saa moja unagundua kihisi ni kizima kabisa. Kilichokufa ni konekta yenye vumbi, au kebo iliyobanwa na mlango wa kabati, au fomula ya mtu aliyesahau kwamba chuma hurefuka jua likikipiga.

Gretingi ya Bragg, kihisi kinachotumika sana kwenye madaraja, mabomba na mabawa ya ndege, ni mistari midogo mno iliyochorwa kwa mwanga wa urujuanimno ndani ya faiba, uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Haina betri, haina saketi, haishiki kutu. Ukiipitishia mwanga mpana, huakisi urefu mmoja tu wa wimbi na kuachia mwingine uendelee. Faiba ikivutwa au ikipata joto, urefu huo wa wimbi huhama, nasi tunapima umehama kiasi gani. Kitu chenyewe ni kigumu kufa. Kinachougua ni vile vilivyokizunguka.

Ndiyo maana nafuata mwanga. Unatoka kwenye mashine ya kusomea, unapita konekta, kebo, splaisi (mahali faiba mbili zilipoungwa), unafika kwenye gretingi. Gretingi imeshikwa na gundi, gundi imeshikwa na jengo. Mwanga unarudi njia ileile, programu inaugeuza kuwa namba. Kagua kwa mpangilio huo. Anayeanza mwishoni, kwa kubadilisha vigezo vya programu hadi namba "zikae sawa", hajatatua kitu. Ameficha dalili, na siku jengo litakapokuwa na tatizo la kweli, atakuwa amelificha pia.

Namba tatu ziandike kwenye jalada la daftari lako. Kwa gretingi inayofanya kazi karibu na nanomita 1550, maikrostreni 1 huhamisha kilele (ule urefu wa wimbi unaoakisiwa, unaoonekana kama mlima kwenye mchoro wa mwanga) kwa takriban pikomita 1.2. Nyuzi 1 ya Selsiasi huihamisha gretingi iliyo huru kwa takriban pikomita 10. Kwa hiyo nyuzi 1 ya joto, usipoiondoa kwenye hesabu, hujifanya streni ya takriban maikrostreni 8. (Streni ni kiasi ambacho kitu kimerefuka au kufupika kikilinganishwa na urefu wake wa awali, mita moja ikirefuka kwa maikromita moja, hiyo ni maikrostreni 1.)

Kabla hujagusa chochote, hifadhi spektra ya kila chaneli (njia moja ya faiba kwenye mashine). Usihifadhi namba za mwisho peke yake. Hifadhi mchoro wenyewe wa mwanga unaorudi. Ukishasafisha konekta moja, ushahidi wa hali ya awali umepotea. Na usichungulie ncha ya faiba iliyounganishwa na mashine: mwanga wake hauonekani, lakini jicho linaupokea.

Chaneli nzima haina kilele hata kimoja

Anza na konekta, hata kama una uhakika ni safi. Kiini cha faiba ya modi moja kina kipenyo cha takriban maikromita 9. Chembe ya vumbi usiyoweza kuiona inatosha kuziba sehemu kubwa ya njia.

Ichukue konekta uiweke chini ya hadubini ya konekta. Utaona duara la kijivu, ambalo ndilo kioo chenye kipenyo cha maikromita 125, na katikati yake nukta ndogo, ambayo ndiyo njia ya mwanga. Mafuta ya kidole huonekana kama wingu lenye rangi za upinde wa mvua. Vumbi huonekana kama punje nyeusi. Mkwaruzo ni mstari mweupe au mweusi usiohama hata ukifuta. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa kidogo alkoholi safi ya isopropili, kisha pitisha kwenye sehemu kavu ya kitambaa hichohicho, kwa mwelekeo mmoja, bila kurudi nyuma. Angalia tena. Nimewahi kufuta mara nne kabla ya duara kuwa safi. Kisha safisha na upande wa pili, ule ulio ndani ya mashine, maana uchafu huhama kutoka konekta hadi konekta kila zinapogusana. Kuchomeka konekta chafu kwenye mashine ya gharama kubwa ni kuipaka mashine uchafu huo.

Hapohapo angalia rangi. Konekta ya kijani imekatwa kwa pembe ya nyuzi 8 ili mwanga unaoakisiwa kwenye ncha usirudi kwenye kiini. Ya bluu haina pembe hiyo. Ukizichomeka pamoja zitaingia bila malalamiko, lakini nyuso hazikutani: mwanga mwingi unapotea, na ule unaoakisiwa kwenye nafasi iliyobaki unajaza spektra na sakafu ya mwanga iliyoinuka, inayomeza vilele. Kosa hili hutokea zaidi pale mtu anapoazima kebo fupi kutoka kwenye vifaa vya intaneti, ambako konekta za bluu ni nyingi.

Konekta zikiwa safi na za aina moja, na bado kimya, faiba imekatika au imekunjwa. Kwa umbali mfupi, tochi ya leza nyekundu hukuonyesha mahali: mwanga mwekundu huvuja palipovunjika na huonekana hata kupitia ganda jembamba la kebo. Kwa umbali mrefu tumia OTDR, kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kupima yanayorudi ili kujua tatizo liko mita ya ngapi, lakini chomoa kwanza mashine ya kusomea, kwa sababu mapigo ya OTDR yanaweza kuiharibu sehemu yake ya kupokelea. Weka pia kebo ya kuanzia mbele ya OTDR, vinginevyo mita za mwanzo zitafunikwa na mng'ao wa konekta ya kwanza, na mara nyingi hapo ndipo tatizo lilipo.

Pima kwa nanomita 1310, kisha kwa 1550, ulinganishe. Upotevu ukiwa mkubwa zaidi kwenye 1550 kuliko 1310, faiba imekunjwa mno. Mawimbi marefu ndiyo yanayotoroka kwanza kwenye kona. Upotevu ukilingana kwa yote mawili, una splaisi mbaya au konekta mbaya. Jaribio hili dogo hukuepusha kukata na kuunga upya kebo ambayo ilihitaji tu kulegezwa kifungio cha plastiki.

Na kama vilele vya mwanzo vipo na vya mwisho havipo, una bahati: mpasuko uko kati ya kilele cha mwisho kilicho hai na cha kwanza kilichokufa. Kama mfungaji aliacha mkia wa faiba upande wa pili, soma kutoka huko, utawapata walio ng'ambo ya mpasuko. Kwa sababu hiyo hiyo, kila ninapofunga mfululizo wa vihisi natoa ncha zote mbili nje, hata mwenye kazi akisema moja inatosha.

Faiba hupenda kuvunjika pale inapotoka kwenye kitu kigumu kuingia kwenye hewa: mdomoni mwa zege, mwisho wa tone la gundi, kwenye shingo ya mrija wa chuma. Angalia hapo kwanza. Kinga yake ni kipande cha mrija laini kinachoanzia ndani ya zege au gundi na kutokeza nje, ili kona iwe ya polepole.

Kilele kipo, lakini kinazidi kuwa kifupi

Urefu wa wimbi hautegemei nguvu ya mwanga, na ndiyo sifa nzuri ya vihisi hivi. Mtu anaweza kuona namba nzuri kwa miezi wakati kilele kinashuka, hadi siku kinapogusa kiwango cha chini cha programu na kutoweka ghafla. Kumbuka mwanga unapita njia hiyo mara mbili, kwenda na kurudi. Upotevu wa desibeli 3 kwenye kebo unakuwa desibeli 6 kwenye kilele.

Vyanzo ni vilevile: uchafu, kona kali, splaisi iliyochoka, maji ndani ya kisanduku cha maungio. Splaisi nzuri hupoteza chini ya desibeli 0.1, ikipita hapo sana, irudie. Usitibu kwa kushusha kiwango cha programu. Utaanza kuhesabu makelele kama vilele.

Kilele kimepasuka vipande viwili, au kimenenepa

Hii inahitaji jicho, kwa sababu namba peke yake haitakuonyesha. Dalili yake kwenye jedwali ni namba inayorukaruka kati ya thamani mbili zilezile, huku mabadiliko ya kweli yakiwa madogo. Ukifungua spektra, unaona vichwa viwili, na programu inashindwa kuamua kipi ni kilele.

Kuna sababu mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza ni kubanwa kwa ubavu. Faiba ikikandamizwa kutoka upande mmoja, kioo kinaanza kuupitisha mwanga kwa kasi mbili kulingana na mwelekeo wa mtetemo wake, na gretingi moja inakuwa na vilele viwili. Gundi iliyokauka bila mpangilio, kibano kilichokazwa kupita kiasi, au kokoto ya zege iliyolalia faiba hufanya hivyo. Ya pili ni streni isiyo sawa ndani ya gretingi yenyewe. Gretingi nyingi zina urefu wa milimita 10 hivi. Nusu yake ikivutwa kuliko nusu nyingine, kilele kinatanuka au kuvunjika kuwa vilele vidogo. Kiputo cha hewa kwenye gundi kinatosha. Ufa pia unatosha.

Ndipo spektra ya siku ya kwanza inapokuwa na thamani ya dhahabu. Kilele kilichopasuka tangu gundi ilipokauka ni kosa la ufungaji: unaweza kuiamuru programu itafute kitovu cha kilele chote badala ya ncha yake, na utapata namba zinazotumika, ingawa uhakika wake umepungua. Kilele kilichokuwa chembamba kwa mwaka mzima kisha kikapasuka wiki hii ni habari kutoka kwenye jengo. Usiifute kwa kichujio.

Streni inapanda asubuhi na kushuka usiku

Hapa ndipo makosa mengi yanapokaa, na makosa ya hapa hayaonekani kama makosa. Yanaonekana kama matokeo. Nitakaa zaidi.

Chukua gretingi iliyobandikwa kwenye boriti ya chuma. Chuma hurefuka kwa takriban maikrostreni 12 kwa kila nyuzi 1. Gretingi inapokea vitu viwili kwa pamoja: joto lake lenyewe, pikomita 10 kwa nyuzi, na kurefuka kwa chuma kinachoivuta, ambako kunaongeza takriban pikomita 14. Jumla ni kama 24. Boriti ikipata joto la nyuzi 10 zaidi, kilele kinahama pikomita 240. Mtu akigawanya kwa 1.2 bila kufikiri, anaandika maikrostreni 200 kwenye ripoti na kumtia mhandisi hofu bure.

Mwenye gretingi ya pili ya joto, iliyo huru, anatoa pikomita 100 na kubaki na 140, yaani takriban maikrostreni 115 hadi 120. Sasa hii ni kweli? Ni kweli kwamba chuma kimerefuka hivyo. Lakini kama boriti iko huru kurefuka, haina mkazo wowote ndani yake. Imerefuka kwa joto, basi.

Sasa ifunge boriti hiyohiyo ncha zote mbili isiweze kusogea. Joto linapanda nyuzi 10, boriti inataka kurefuka, inazuiwa. Gretingi iliyobandikwa haioni kurefuka kokote. Inaona joto tu, pikomita 100. Unaondoa joto, unabaki na sifuri. Kihisi kinasema hakuna streni, na ni kweli, lakini ndani ya chuma kuna mkazo wa kukandamizwa wa takriban megapaskali 24, kwa sababu maikrostreni 120 zilizozuiwa zinazidishwa na ugumu wa chuma wa takriban gigapaskali 200. Sifuri hiyo imebeba mzigo. Mtu akikuuliza kwa nini lazima ujue boriti imeshikwaje kabla ya kutafsiri namba, mwonyeshe hesabu hii.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuuliza kama tatizo lako ni kigezo au ni mahali. Chora streni iliyokwisha kurekebishwa dhidi ya halijoto, kwa siku nzima. Ukipata mstari ulionyooka wenye mteremko, kigezo cha joto si sahihi kwa gretingi ile. Kipime upya mahali pale, usiku mtulivu usio na mzigo, badala ya kuamini karatasi ya kiwandani. Ukipata kitanzi, yaani njia ya asubuhi si ile ya jioni, kihisi cha joto na kihisi cha streni havipati joto kwa wakati mmoja. Hakuna kigezo kitakachokufungia kitanzi hicho.

Niliwahi kusumbuka na kitanzi kama hicho kwa wiki mbili. Kila mchana boriti ilionyesha kuvutika, kila usiku ikarudi. Nilibadilisha vigezo mara tatu, kila mara mchoro ukawa mzuri upande mmoja na mbaya upande wa pili. Mwishowe nilipanda mwenyewe saa nane mchana na kuweka kiganja kwenye chuma. Palipobandikwa kihisi cha streni palichoma. Kihisi cha joto kilikuwa upande wa chini, kivulini, chuma kikiwa vuguvugu. Nilihamisha kihisi cha joto kikakaa sentimita chache kutoka kwa mwenzake, juani vilevile, na kitanzi kikafunga siku iliyofuata. Tangu hapo, kabla ya kufungua programu natembea nikigusa.

Kosa jingine la kimya ni kihisi cha joto kisicho huru. Hukaa ndani ya kijirija, na hakitakiwi kuguswa na streni. Gundi ikipenya mdomoni mwa kijirija, gretingi inashikwa. Kujua ni rahisi: subiri gari zito lipite darajani, au weka mzigo kwa ghafla. Halijoto ya chuma haibadiliki kwa sekunde moja. Namba ya joto ikishtuka gari linapopita, kihisi hicho kinavutwa, na kila ulichorekebisha kwa kukitegemea kina kosa.

Namba inahama polepole, siku baada ya siku, upande mmoja

Uliza kwanza: inahama peke yake au na wenzake? Chaneli zote zikihama kwa pamoja na kwa kiasi kimoja, mashine ndiyo inayohama. Ichunguze kwa gretingi ya marejeo iliyotunzwa kwenye halijoto thabiti, au kwa seli ya gesi ambayo mistari yake ya kufyonza mwanga haihami. Vihisi vya sehemu moja ya zege vikihama pamoja na vya sehemu nyingine vikitulia, sikiliza zege: husinyaa linapokauka na huendelea kufupika chini ya mzigo wa kudumu kwa miaka. Hiyo si hitilafu.

Kihisi kimoja tu kikihama, mshuku gundi. Epoksi husinyaa inapokauka, na kilele hushuka katika saa au siku za mwanzo; ndiyo sababu sifuri haichukuliwi siku ya kubandika. Baadaye, ikipata joto karibu na kiwango chake cha kulainika, huteleza pole pole chini ya mvuto wa kudumu, na faiba inajirudi kuelekea urefu wake wa awali. Namba inashuka wakati mzigo haujapungua. Ukiweza kuondoa mzigo, kihisi kilichoteleza hakirudi kwenye sifuri yake, kinapita upande wa pili.

Koti la faiba nalo lina usemi. Akriliki ya kawaida huvumilia hadi takriban nyuzi 85 na ni laini, kwa hiyo sehemu ya streni hupotelea ndani yake isipofungwa kwa urefu wa kutosha. Poliimidi huvumilia hadi karibu nyuzi 300 na hushika vizuri, lakini hunyonya unyevu na kuvimba, ikaivuta faiba kidogo. Kihisi kinachofuata mvua kuliko kinavyofuata joto kina koti lisilozibwa. Kwenye joto kali zaidi, gretingi ya kawaida yenyewe huanza kufutika. Iliyookwa kabla ya kufungwa hudumu zaidi.

Namba imeruka ghafla na kubaki huko

Pima ukubwa wa mruko kabla ya kutafuta sababu. Ukilingana na umbali kati ya vilele viwili vya jirani, programu imebadilisha majina: kilele kimoja kimevuka mpaka wa nafasi yake na kuhesabiwa kuwa jirani yake. Kosa hili limezaliwa kwenye usanifu. Streni ya maikrostreni 1500 juu na chini inahitaji nanomita 1.8 kila upande. Halijoto ya nyuzi 40 juu na chini kwenye chuma inaongeza karibu nanomita 1. Majirani wawili wanaoweza kuelekeana wanahitaji nafasi ya takriban nanomita 5.6. Kwenye mashine yenye upana wa nanomita 40 hapo panaingia saba. Aliyebana kumi na tano alikuwa akiomba vilele visikutane.

Mruko ukitokea siku ileile kebo ilipobadilishwa, na mashine yako ni ya kasi yenye leza inayopita mawimbi kwa mfululizo, hesabu urefu wa kebo. Mwanga huchukua takriban maikrosekunde 10 kwenda na kurudi kilomita 1. Leza inayofagia nanomita 80 kwa milisekunde 1 imeshasogea nanomita 0.8 kabla mwanga haujarudi. Ongeza kebo bila kuiambia programu, na vihisi vyote vya chaneli hiyo vitaonekana vimevutwa kwa maikrostreni mamia. Ingiza urefu mpya, tatizo linaisha.

Mruko kuelekea urefu wa wimbi wa siku kihisi kilipotoka kiwandani, ukifuatiwa na ukimya hata magari yakipita, maana yake gundi imeachia. Ibandike upya.

Kama unapima kwa faiba nzima

Mifumo inayopima kila sehemu ya faiba ina magonjwa yake, nitayapitia kwa haraka. Ni mitatu, kila mmoja ukiitwa kwa aina ya mwanga unaotawanyika na kurudi ambao unausoma: Raman, Brillouin na Rayleigh.

Raman hupima halijoto kwa kulinganisha mianga miwili inayorudi yenye urefu tofauti wa mawimbi. Halijoto ikionekana kupotoka zaidi kadiri unavyokwenda mbali, faiba inapoteza mianga hiyo miwili kwa viwango tofauti, jambo la kawaida pale hidrojeni inapopenya kwenye kioo cha visimani. Pima kutoka ncha zote mbili ukiweza.

Brillouin hupima streni na joto kwa pamoja: takriban megahezi 0.05 kwa maikrostreni 1 na megahezi 1 kwa nyuzi 1. Nyuzi 1 hapo inajifanya maikrostreni 20, zaidi ya mara mbili ya ilivyo kwenye gretingi, kwa hiyo faiba ya pili isiyovutwa ni lazima. Na pigo la nanosekunde 10 huona mita 1 kama kitu kimoja. Ufa mwembamba ndani ya mita hiyo unameng'enywa kwenye wastani. Anayelalamika kwamba mfumo "haukuuona ufa" mara nyingi alinunua rula yenye alama kubwa kuliko kitu anachopima.

Rayleigh ya usikivu wa milimita huona ufa huo, ila hupoteza ulinganifu na rekodi ya marejeo mabadiliko yakiwa makubwa au faiba ikitikisika, na mchoro unakuwa na mashimo. Chukua rekodi za marejeo kwa hatua, kila moja ikilinganishwa na iliyotangulia.

Kwa mifumo yote mitatu, mita ya faiba si mita ya jengo. Kabla ya kukabidhi kazi, tembea na kitambaa cha maji moto, kibandike sehemu zinazojulikana, na uandike kila sehemu inaonekana kwenye mita ya ngapi.

Umekagua yote, na namba bado ni ileile

Basi jengo linazungumza. Nimeona watu wakifika hapa, wakachoka, wakabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Tafadhali usifanye hivyo kabla ya kutazama mambo yafuatayo.

Streni iliyopanda si sura pekee ya uharibifu. Kihisi kinachovuka ufa hupanda kwa kasi, au faiba hukatika kwa sababu nafasi ndogo ya ufa inavuta kipande kifupi sana cha kioo. Lakini kihisi kilicho kando ya ufa mara nyingi hushuka, kwa kuwa zege la pale limeacha kubeba mvuto wake. Ukiona mmoja ameshuka na jirani yake amepanda au amekufa, wiki moja, eneo moja, usiwatibu kama wagonjwa wawili tofauti.

Linganisha jinsi vihisi viwili vinavyoitikia mzigo uleule, kwa mfano gari lilelile lililopimwa uzito, sasa na siku ya makabidhiano. Joto, gundi na mashine huhamisha sifuri. Haviwezi kwa urahisi kubadilisha uwiano wa miitikio ya vihisi viwili kwa mzigo wa sekunde chache. Uwiano ukibadilika, njia ya mzigo ndani ya jengo imebadilika. Angalia pia kama kihisi kinapanda na kurudi kila gari linapopita, kwa kiasi kikubwa kuliko zamani: huo ni ufa unaofunguka na kufunga.

Na ile faiba iliyokatika, uliyotaka kuiunga upya ili chaneli irudi, pima kwanza kwa OTDR ilikatikia mita ya ngapi, ipeleke namba hiyo kwenye ramani yako ya mita za jengo, kisha nenda na tochi na kioo cha kukuzia hadi mahali hapo. Lowesha zege kwa maji, liache likauke, na utazame mstari unaochelewa kukauka.